Sasisho la Switch 20.0.0: gemu zangu zimehamia kwa mtu nisiyemjua

Nahakiki sasisho la Switch, mashine ya gemu ya Nintendo. Nilishaandika nyota moja nikaifuta. Kila nikilielewa zaidi hili sasisho naona lenyewe halina kosa, mwenye kosa ni duka. Halafu nikilala nikaamka, naona nalo lina lake. Someni mpime wenyewe.

Nina Switch Lite ya mtumba, ya njano, niliyoichukua kwenye duka moja la ghorofani Kariakoo, zamani kidogo. Risiti yake ni ya mkono (ya mashine nikaambiwa mtandao uko chini, ule wimbo tunaujua), imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Switch Lite used na gemu zake." Hizo "gemu zake" ndizo zilizonifanya nisibishane sana bei. Kulikuwa na Mario Kart 8 Deluxe, Zelda, ya mpira, na nyingine ambazo mpaka leo sijazigusa. Zote za kupakua, hakuna hata kadi moja ya kuchomeka. Akaunti ni ya duka, mimi nikafungua wasifu wangu pembeni, maisha yakaendelea.

Juzijuzi analogi ya kushoto, kile kijiti cha kuongozea gemu, ikaanza kutembea yenyewe. Ukiwa na Lite vidhibiti havichomoki, kwa hiyo huwezi kupeleka kipande tu, unaacha mashine nzima. Nikaipeleka palepale nilikonunua. "Iache, pitia jioni." Jioni nikaikuta analogi safi, inaitika vizuri, hilo siwanyimi. Dogo wa kaunta akaniongezea na zawadi: "Na tumekuapdetia bure, bosi."

Nafika nyumbani, nagusa Mario Kart, haifunguki. Ikoni ipo. Picha ipo. Inaniambia kadi pepe ya gemu hii haijapakiwa kwenye kifaa hiki. Nagusa Zelda, wimbo uleule. Zote!

Hapo ndipo nilipolitukana sasisho. Baadaye nikakaa nikasoma, na jamani, wazo lenyewe ni zuri. Toleo hili lilitoka mwishoni mwa Aprili 2025, na jambo lake kubwa ni kwamba gemu ya kupakua sasa inakuwa na kadi yake pepe. Kadi inakaa kwenye kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Ukitaka kucheza kwenye kifaa chako cha pili unaitoa huku unaipakia kule, intaneti unaihitaji wakati wa kuhamisha tu, na ikishapakiwa kila mwenye wasifu kwenye mashine hiyo anacheza. Akaunti moja inahudumia vifaa viwili, basi. Zamani ilikuwa ni habari ya kifaa kikuu na kisicho kikuu, na katikati yake kulikuwa na uchochoro: watu wawili, mashine mbili, gemu moja iliyonunuliwa mara moja, wote wanacheza kwa wakati mmoja.

Sasa mnaona. Duka letu pendwa lilikuwa linaishi kwenye huo uchochoro. "Gemu zake" za kwangu zilikuwa ni gemu zake za mtu mwingine pia. Uchochoro ulipozibwa ikabidi mmoja wetu akose, wakanichagua mimi niliyeacha mashine mezani kwao. Na sisingizii mtu, kwa sababu ili vifaa viwili vihamishiane kadi kwa mara ya kwanza lazima viunganishwe vikiwa karibu, kwa mawimbi yao wenyewe. Mashine yangu siku ile haikutoka dukani kwao. Ina maana mashine ya pili ililetwa, zikalazwa pamoja, zikaunganishwa, kadi zikatoka upande wangu. Huku mimi nashukuru kuapdetiwa bure!

Nikarudi. Dogo anakula chipsi mayai, simu kaiegemeza kwenye kikokotoo anaangalia mpira. Namweleza, hanyanyui macho. Mwisho anafuta vidole kwenye suruali, ananiuliza, "Kaka, kwani wewe ulinunua mashine au ulinunua gemu?"

Nikamwekea risiti mezani. Akaisoma kama vile haijaandikwa pale kwao. "Hii 'zake' inamaanisha zilizokuwemo. Si zilikuwemo?" Wateja wawili waliokuwa wanaangalia protekta wakacheka. Mimi mtu mzima.

Kisha akanipa suluhisho. Kwenye mipangilio ya mtumiaji kuna sehemu ya kuwasha leseni ya mtandaoni, inayomruhusu mwenye akaunti kucheza bila kadi pepe mradi ana intaneti, eti niingie kwa wasifu wa duka, niweke bando, nitacheza freshi. Hajui, au anajifanya hajui, kwamba kwenye Switch safari yako ya gemu inahifadhiwa kwenye wasifu wako wewe. Ile Zelda niliyoihangaikia usiku kucha mgao wa umeme ukiniruhusu, iko palepale ndani ya mashine, chini ya jina langu, imehifadhiwa salama kabisa, na sina gemu ya kuifungulia. Niingie kwa jina lao nianze upya nikiwa sina hata upanga? Tena nichome bando kila nikitaka kucheza? Nikamwambia bora anirudishie analogi mbovu na gemu zangu. Akaongeza sauti ya mpira.

Kurudi kwenye toleo la zamani hakuna, mashine hii ikishapanda haishuki.

Kwa hiyo nyota nne kwa sasisho, maana limeniumbulia tapeli ambaye nisingemjua maisha. Nimefungua akaunti yangu mwenyewe, nimenunua Mario Kart kwa jina langu, kadi pepe ni yangu, hainyanyuki bila mimi. Kuna na kuazimana: kila ndugu kwenye kundi la familia unamwazima gemu moja kwa wakati, siku 14 zikiisha inajirudia yenyewe bila kuombwa, bila ugomvi. Nilifurahi sana hapo, nikampigia mpwa wangu Morogoro kumwambia ajiandae. Kumbe kuazimana nako lazima vifaa viwe karibu. Nipande basi mpaka Msamvu nikamwazime mtoto gemu ya magari? Tatu. Nyota tatu, na leo nina hasira ndogo.

Duka sipi kitu. Ila kama ulichukua Switch pale ghorofani ikiwa "na gemu zake", na wiki hizi zinafunguka vizuri, hongera, hizo ni zangu. Analogi yako ikianza kutembea, tafuta fundi mwingine.