Nyuzi za Gitaa: Zipi Ununue Ukiwa Uganda, na Zitadumu Muda Gani

Mpiga gitaa wa kwaya hapa Kampala anaweza kupiga mazoezi Jumatano, kesha Ijumaa na ibada mbili Jumapili. Ukumbi umejaa, vidole vina jasho, na hewa ya ukanda wa Ziwa Victoria ina unyevu karibu mwaka mzima. Nyuzi zinazomdumu mtu miezi mitatu kule Moroto kwenye ukavu, huku zinaweza kuwa nyeusi kabla ya mwezi kuisha. Kwa sababu hiyo, ninapopanga nyuzi kwa ubora sitazami mlio wa siku ya kwanza peke yake, maana uzi wowote mpya hulia vizuri. Natazama mlio wa wiki ya sita, kisha nalinganisha na pesa iliyotoka mfukoni.

Kabla ya kutaja yoyote, hakikisha unajua gitaa lako ni la aina gani. Gitaa la klasiki lina shingo pana, kichwa chenye mianya miwili mirefu, na nyuzi zake hufungwa kwa fundo kwenye daraja, yaani kipande kilichobandikwa kwenye mwili wa gitaa ambako nyuzi huishia. Hilo ni la nailoni. Nyuzi sita za nailoni huvuta kwa jumla ya kama kilo 40, ilhali seti ya kawaida ya chuma hupita kilo 70. Magitaa mengi ya shule na ya makanisa madogo yameharibika kwa sababu hii moja: mtu amekosa nailoni dukani, akafunga chuma, na baada ya muda daraja likang'oka au shingo ikapinda. Muuzaji akikuambia "zote ni sawa tu", mshukuru na utafute duka lingine.

Sasa gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, la nyuzi za chuma, ambalo ndilo wengi wanalo.

Nafasi ya kwanza naipa fosfa bronzi iliyofunikwa kwa utando. Fosfa bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati kidogo na chembe ya fosforasi. Kampuni ya nyuzi ya D'Addario ilianza kuiuza mwaka 1974, na leo ndiyo inayotumika zaidi kwenye magitaa kavu. Mlio wake ni wa joto na unakaa vizuri chini ya sauti za waimbaji. Utando ni ngozi nyembamba sana ya plastiki inayozuia jasho na uchafu kuingia kati ya mizunguko ya waya. Elixir ndio waliolipa jambo hili umaarufu miaka ya 1990, na toleo lao la Nanoweb ndilo ningempa mtu anayetaka utando asiouhisi sana kidoleni. D'Addario wana XS na XT, nazo ni nzuri.

Bei yake ndiyo inayowatisha watu, kwa kuwa mara nyingi ni mara mbili ya nyuzi za kawaida. Lakini piga hesabu. Tuseme seti ya kawaida ni shilingi 35,000 na kwa kupiga kwako inakufaa wiki 4: hiyo ni 8,750 kwa wiki. Tuseme iliyofunikwa ni 75,000 na inakufikisha wiki 12: ni 6,250 kwa wiki, na umeepuka kufungua na kufunga nyuzi mara mbili. Weka bei za duka lako mwenyewe, na wiki zako mwenyewe, uone jibu linaangukia wapi.

Kuna mtu mmoja nisiyemshauri anunue zilizofunikwa, naye ni yule anayekata nyuzi. Kama unapiga rithimu kwa nguvu na uzi wa kwanza (ule mwembamba kuliko wote) au wa tatu unakatika kila baada ya wiki mbili, utando haukusaidii kitu; unatupa pesa. Tazama pia uzi umekatikia wapi. Ukikatikia mahali pale pale kila mara, pengine kwenye daraja kuna ncha kali, na fundi anaweza kuilainisha kwa msasa mwembamba kwa dakika chache.

Nafasi ya pili ni fosfa bronzi isiyofunikwa. D'Addario EJ16 (unene wa 12 hadi 53, namba ninazozieleza hapo chini) na EJ26 (11 hadi 52) ni chaguo salama, na Martin wana za kulingana nazo. Kwa mwanafunzi anayepiga nusu saa kwa siku nyumbani, hizi zinatosha kabisa, na kwake ningeziweka hata juu ya zilizofunikwa.

Ya tatu ni zile zinazoandikwa 80/20, yaani shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20. Zinang'aa kwa sauti kuliko zote siku za mwanzo. Anayerekodi studio atazipenda. Tatizo ni kwamba mng'ao huo unaondoka haraka, na kwenye joto na jasho letu unaondoka haraka zaidi. Kwa mtu anayepiga nyimbo za kadongo kamu, ambako gitaa moja hubeba karibu uzito wote wa wimbo, naona zinafaa siku ya onyesho au ya kurekodi, si za kila wiki.

Mwisho kabisa ni nyuzi zisizo na jina zinazokuja zimejikunja kwenye karatasi ya plastiki isiyofungwa vizuri. Nyingi zimeanza kushika kutu kabla hujazinunua, na unene wake hauko sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo gitaa halikubali kutyuniwa: ukiweka sawa uzi ukiwa wazi, bila kuubonyeza, kwenye freti ya 12 (freti ni vyuma vinavyokatiza shingo) unakuwa umepotea. Mwanafunzi hudhani sikio lake ni bovu, na wengine huacha gitaa kabisa. Hili linaniuma, kwa sababu tofauti ya bei yenyewe si kubwa kiasi cha kumpoteza mtu.

Namba za unene zisikuchanganye. Muuzaji akisema "kumi na mbili" anataja uzi mwembamba kuliko wote, wenye unene wa inchi 0.012, kama milimita 0.3. Kwa anayeanza, au kama nyuzi zimekaa juu mbali na shingo, chukua 11. Anayeongoza kwaya bila spika achukue 12, ili apate nguvu ya sauti. Kufunga 13 kwenye gitaa la bei ya chini ni kulibebesha mzigo bure.

Kwenye gitaa la umeme mpangilio wangu unageuka. Hapo naweka mbele nyuzi za kawaida za chuma zilizopakwa nikeli, bila utando, kama Ernie Ball Regular Slinky au D'Addario EXL110, zote 10 hadi 46. Uzi ukififia kidogo, unaongeza mng'ao kwenye amplifaya na mambo yanaenda, kwa hiyo hakuna haja kubwa ya kulipia utando. Anayepiga solo za haraka achukue 9 hadi 42.

Wapiga sebene, ule mtindo wa gitaa la Kikongo wa kuchezesha watu, hasa ndugu zetu wa makanisa ya Wakongo kule Nsambya na Katwe, wana hitaji lao ambalo maduka mengi hayalifikirii. Kwa mi-composé, namna yao ya kutyuni gitaa, uzi wa nne mnene unatolewa, na mahali pake unawekwa uzi mwembamba unaotyuniwa D ya juu, oktava moja zaidi ya ile ya kawaida. D hiyo iko toni moja tu chini ya uzi wa kwanza, kwa hiyo uzi wa pekee wa 10 unaifikia bila shida. Basi kila ukinunua seti, omba na uzi mmoja wa ziada wa 10, au afadhali miwili, maana uzi wa kwanza ndio unaokatika zaidi na duka halifunguki usiku wa kesha.

Nyuzi zinakufa kwa njia tatu. Chumvi na asidi ya jasho vinakula chuma. Uchafu unajaa kati ya mizunguko na kuufanya uzi uwe mzito sehemu moja kuliko nyingine. Na freti zinachimba vishimo upande wa chini. Pitisha kidole chini ya uzi: ukihisi vishimo au mkwaruzo, muda wake umekwisha hata kama haujakatika. Kwa kupiga kila siku saa moja hivi, fosfa bronzi isiyofunikwa hubaki na uhai kwa wiki tatu au nne, na iliyofunikwa inaweza kufika miezi mitatu. Nailoni haishiki kutu kwenye nyuzi tatu nyembamba, ila zile tatu nene zimezungushiwa waya wa metali na huchoka mapema; mtu anaweza kubadilisha hizo tu. Nailoni mpya pia inalegea kwa siku kadhaa mfululizo, kwa hiyo usiifunge Jumamosi jioni ukitegemea ibada ya asubuhi. Nyuzi za gitaa la besi ni za kudumu: mwaka mzima si ajabu.

Kunawa mikono kabla ya kupiga, na kupangusa nyuzi juu na chini kwa kitambaa kikavu cha pamba ukimaliza, hurefusha maisha yake kuliko dawa yoyote ya kopo. Usiache gitaa wazi kanisani wiki nzima wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Lirudishe kwenye mfuko wake.

Jambo la mwisho ni bandia. Majina makubwa ndiyo yanayoigwa, na D'Addario wanaigwa sana. Kwenye seti zao nyingi za chuma, vishanga vya mwisho wa uzi vina rangi tofauti: wa kwanza fedha, wa pili zambarau, wa tatu kijani, wa nne mweusi, wa tano mwekundu, wa sita rangi ya shaba. Ukikuta vyote rangi moja kwenye seti inayotakiwa kuwa na rangi, au herufi za pakiti zimefifia, au bei ni nusu ya maduka mengine yote, rudisha. Omba ufungue pakiti hapo hapo kaunta, mbele ya muuzaji, kabla ya kulipa.