Mizani ya pamba katika ghala la Kampala

Kundi la vijana linaloonyesha mchezo wake wa kuigiza kuhusu ukoloni katika ghala la zamani kwenye eneo la viwanda la Kampala huanza kazi mlangoni: kila mtazamaji hupewa kadi ya rangi, na kadi hiyo ndiyo inayoamua kama atakalia kiti chenye mto, benchi au mkeka, ingawa wote wamelipa kiingilio kimoja. Hivyo ndivyo ukoloni ulivyoipanga Uganda, Mzungu juu, Mhindi katikati na Mwafrika chini. Mimi niliangukia mkekani.

Sehemu bora kuliko zote haina neno hata moja. Mkulima anapandisha kikapu cha pamba kwenye mizani, na kila mshale unapokaribia kutulia, kidole gumba cha mnunuzi kinaisukuma sahani juu kidogo kutoka chini, mpaka uzito unapungua. Jambo hilo linarudiwa bila haraka hadi watu wa mkekani wanaanza kupiga kelele, na hapo machafuko ya mwaka 1949, ambapo wakulima wa Buganda walidai, pamoja na mengine, haki ya kuchambua pamba yao wenyewe, yanaeleweka bila mhadhara. Mwigizaji Robert Serumaga na kundi lake la Abafumi walikwisha kuthibitisha katika miaka ya 1970 kwamba mwili wa mwigizaji huweza kubeba yanayoshinda hotuba.

Bahati mbaya, hotuba zinafuata. Kukamatwa kwa wafalme Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro mwaka 1899, na kuhamishwa kwao hadi Ushelisheli, kunasomwa kama somo la darasani, na jenereta iliyowekwa karibu na mlango ilimeza nusu ya maneno.

Kasoro nzito zaidi ni Mhindi. Mzungu amepewa hofu, tamaa na hata upweke, lakini mwenye duka ni kichekesho kitupu cha kuhesabu sarafu. Mchezo unaozungumzia rangi nchini Uganda hauwezi kuuruka mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka. Waliokaa kwenye mabenchi walichekeshwa tu, hawakuulizwa lolote. Kiswahili nacho hakisikiki ila kinywani mwa askari mwenye kiboko. Historia ya jeshi la kikoloni inaruhusu hilo, ila sisi tunaokitumia sokoni na nyumbani tulistahili japo mhusika mmoja anayekizungumza bila kumpiga mtu.

Kiingilio ni shilingi 30,000, na kwa ile mizani pekee nisingemzuia mtu kwenda.