Tahadhari: fundi anayekimbilia kupiga Windows kabla ya kupima diski

Ndugu zangu, kama laptopu yako imekuwa nzito, inaganda ovyo au inachukua muda mrefu mno kuwaka, na mtu amekuambia "Windows imechoka, niachie niipige upya," tafadhali soma hapa kabla hujamkabidhi. Kuna mchezo unachezwa, na wanaoumia ni watu wenye mafaili yasiyopatikana kwingine: mwanafunzi mwenye tasnifu, mwenye duka aliyeweka hesabu zake zote humo, mzazi mwenye picha za watoto wake.

Mchezo wenyewe uko hivi. Unapeleka mashine inayosumbua. Fundi anaiwasha, anaitazama kidogo, anatoa hukumu palepale: virusi vimejaa, lazima tufomati, yaani diski ifutwe yote na kuanza upya. Diski hapimi. Una nini ndani, haulizi. Ukigusia mafaili anakutuliza, "usijali, nitakufanyia bakapu." Unaporudi kuichukua unakuta mashine imekuwa nyepesi, unafurahi, unalipa, unaondoka. Baadaye ndipo unafungua folda na kukuta tupu, au nusu ya vitu havipo. Ukimpigia simu anabadilisha lugha: mafaili yanaweza kurudishwa, ila hiyo ni kazi nyingine na ina malipo yake, tena makubwa kuliko ya kwanza. Yaani aliyefuta ndiye anayekuuzia huduma ya kurudisha. Na wiki chache zikipita mashine inaanza kuganda tena, naye safari hii anakwambia tatizo ni bodi.

Mdogo wangu amefanyiwa hivihivi, na yeye kazi yake ni uhasibu. Fundi alinakili vilivyokuwa kwenye ukurasa wa mbele (desktop) na folda ya nyaraka, akaita hiyo bakapu, akafomati. Lakini programu ya hesabu haikuwa inahifadhi kumbukumbu zake huko. Programu nyingi za aina hiyo huweka data kwenye folda yake yenyewe ndani ya diski C, na nyingine huweka kwenye folda zilizofichwa ambazo huzioni mpaka uamuru zionyeshwe. Barua pepe zilizopakuliwa na alama za tovuti za kivinjari navyo mara nyingi hukaa kwenye folda hizo zilizofichwa. Fundi anayejua kazi analijua hilo, na swali lake la kwanza ni "unatumia programu gani humu?" Huyu hakuuliza chochote.

Mashine ilipoanza kuganda tena nikaiomba niitazame. Nilifungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma taarifa ambazo diski inajiandikia yenyewe kuhusu afya yake. Ukiifungua unaona kibao kimoja chenye rangi: bluu maana yake diski ni nzima, njano ni onyo, nyekundu ni mbaya. Kilikuwa njano. Mistari ya kuangalia kwanza ni ule wa 05, unaohesabu sehemu za diski zilizokwisha kuharibika na kuhamishiwa kwenye akiba, na ule wa C5, unaohesabu sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijajua izifanye nini. Kwenye diski nzima thamani ghafi ya mistari hiyo huwa sifuri. Ya mdogo wangu haikuwa sifuri kwenye wa 05 wala kwenye C5. Ile diski ilikuwa inakufa, na uzito wote uliompeleka kwa fundi ulitoka hapo: kila Windows ilipokuta sehemu isiyosomeka, ilijaribu tena na tena, na mashine nzima ikasimama kuisubiri.

Sasa tazama ubaya wa alichofanya. Kupiga Windows juu ya diski ya namna hiyo ni kupaka rangi ukuta unaobomoka. Mfumo mpya unaandika gigabaiti nyingi kwenye diski ambayo kila ikiandikwa inazidi kuchoka, na unaandika juu ya eneo lilelile ambalo mafaili ya zamani yalikuwepo. Ukifomati haraka diski ya kawaida ya kuzunguka, kinachofutwa ni orodha tu ya mafaili. Yenyewe bado yapo, na programu kama PhotoRec zinaweza kuyaokota. Ukishaweka Windows mpya juu yake, yaliyokuwa chini yake yamekwenda. Kwenye SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, hali ni mbaya zaidi: Windows inapofomati huituma amri iitwayo TRIM, inayoiambia SSD kwamba maeneo hayo hayahitajiki tena, nayo huanza kuyasafisha yenyewe. Kwa hiyo fundi anayekuahidi kurudisha mafaili kutoka SSD iliyofomatiwa na kupigwa Windows upya, mara nyingi sana anakuuzia kitu ambacho hakipo. Akikuonyesha picha mbili tatu alizookota, usifungue pochi. Mwambie aonyeshe orodha ya mafaili unayoyataka kwa majina, na afungue moja mbele yako.

Kuna na suala la leseni, ambalo watu wengi hawalijui kabisa. Wanatozwa pesa ya "Windows orijino" kwenye mashine ambayo tayari ilikuja na leseni yake kutoka kiwandani. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji huandika ufunguo wa leseni ndani ya chipu ya bodi. Ukipiga upya toleo lilelile, mfumo unausoma wenyewe na kujiamilisha ukishapata intaneti. Faili la kusakinishia pia ni bure: Microsoft wenyewe wanatoa Media Creation Tool, unachohitaji ni flashi tupu ya gigabaiti 8 au zaidi. Unachomlipa fundi ni muda na ujuzi wake, na hiyo ni haki yake kabisa. Leseni ya pili ni wizi.

Mbaya zaidi, hicho anachokiita orijino mara nyingi ni programu ya kuvunja leseni. Unaweza kukagua mwenyewe: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, kisha bonyeza Enter. Kikitokea kisanduku chenye tarehe ya mwisho kwenye laptopu yako binafsi, hiyo ni leseni ya KMS, utaratibu uliotengenezwa kwa ajili ya mashirika yenye kompyuta nyingi. Hudumu siku 180 na lazima ihuishwe. Laptopu ya mtu binafsi haina sababu halali ya kuwa nayo. (Kutoonyesha tarehe hakuthibitishi kwamba leseni ni safi, maana kuna njia nyingine za kuidanganya.) Halafu fungua mipangilio ya antivirusi ya Windows, utafute orodha ya vitu vilivyoondolewa kwenye ukaguzi. Kwa mdogo wangu nilikuta diski C nzima imeandikwa pale. Diski C nzima! Maana yake chochote kinachoingia humo, hata kinachoiba maneno ya siri ya benki, antivirusi imeamriwa ifumbe macho. Hizi programu za kuvunja leseni hudai uzime ulinzi ndipo zifanye kazi, na wahalifu wanalijua hilo vizuri, kwa hiyo huzitumia kusambaza virusi vyao. Mhasibu anafanyia kazi za wateja kwenye mashine ya namna hiyo, na wateja wake hawajui.

Wengine siku hizi wanatumia kisingizio cha Windows 10. Ni kweli Microsoft walisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini kompyuta haikuzimika siku hiyo, na wala si sababu ya kufomati leo hii kabla ya kutoa mafaili. Tena Windows 11 ina masharti yake, ikiwemo chipu ya usalama ya TPM 2.0. Fundi anayeiingiza kwa nguvu kwenye mashine isiyotimiza masharti bila kukueleza kwamba Microsoft hawaahidi masasisho, amekuficha jambo.

Na vipuri: kabla ya kuacha mashine popote, andika ukubwa wa RAM na wa diski, na aina ya diski. Ukiweza, fungua ile CrystalDiskInfo uipige picha ikionyesha namba ya utambulisho ya diski na saa ilizokwisha kufanya kazi. Diski ikibadilishwa, dai ya zamani urudishiwe, hata kama imekufa, kwa sababu data yako iko humo. Na "mpya" uliyouziwa ipime hapohapo. Diski mpya haiwezi kuwa na maelfu ya saa. Hata saa chache pekee si hakikisho: mwanzoni mwa 2025 ilibainika kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika sana zilikuwa zinauzwa kama mpya huku hesabu ya saa ikiwa imefutwa. Kampuni ilisema si yenyewe iliyoziuza hivyo. Kwa hiyo risiti na dhamana ya maandishi ni lazima.

Utaratibu wa kufuata mashine ikianza kusumbua ni huu: mafaili kwanza, kupima pili, kupiga Windows mwisho. Kama bado inawaka, chomeka diski ya nje sasa hivi, unakili yale ambayo ukiyapoteza utalia, kisha ndiyo yaliyobaki. Usianze na sinema. Usianze na kufanya "skani" wala kurekebisha diski. Amri ya Windows ya kurekebisha diski, chkdsk /r, kwenye diski inayokufa inaweza kuimaliza, kwa sababu inailazimisha kusoma kila kona na inaweza kubadilisha mpangilio wa mafaili. Ukimaliza kunakili, chomoa diski ya nje, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue mafaili kadhaa kwa macho yako. Faili kuonekana kwenye orodha si sawa na kufunguka.

Hilo ni muhimu hasa kwa flashi. Usinunue flashi ya bakapu inayodai ukubwa wa ajabu kwa bei ya chini mno. Kuna zilizochezewa ndani ili zijitangaze kuwa kubwa mara nyingi kuliko zilivyo. Utanakili kila kitu, majina yote yataonekana, ila yaliyozidi uwezo wake halisi hayatafunguka kamwe. Programu za bure za H2testw na F3 huijaza flashi kisha huisoma tena kuhakiki. Fanya hivyo kabla ya kuiamini.

Kama Windows haiwaki lakini diski bado inaonekana, pakua Ubuntu, mfumo wa bure unaoweza kuwaka badala ya Windows, iweke kwenye flashi ukitumia kompyuta nyingine, uwashe laptopu kutoka kwenye flashi hiyo na uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Utaona mafaili yako na kuyanakili bila kusakinisha chochote kwenye diski. Hapa angalia jambo moja: laptopu nyingi za kisasa zina diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalozuia data kusomwa bila ufunguo, na itakuomba ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute leo, uuandike kwenye karatasi, kabla shida haijaja. Bila huo fundi wa kawaida hawezi kukufungulia, na anayekuahidi kwamba ataweza, mara nyingi anakudanganya.

Diski ikiwa inatoa sauti ya kugonga, ka, ka, ka, izime. Usiendelee kunakili wala kujaribu tena. Vichwa vya kusomea vinaweza kuwa vinakwaruza sahani zenyewe, na kila dakika inapozunguka inapunguza uwezekano wa kuokoa kitu. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi. Mtu akitaka kuifungua mbele yako juu ya meza yenye vumbi, mnyang'anye.

Mafundi waaminifu wapo, na wengi. Huyo utamtambua kwa maswali yake: mafaili gani ni ya lazima, programu gani unatumia, ufunguo wa BitLocker unao. Atakuonyesha hali ya diski kwenye kioo. Diski ikiwa mbovu atakwambia ukweli kwamba kupiga Windows hakutasaidia, ataitolea nakala nzima kwanza kwa kitu kama ddrescue, kinachochukua sehemu nzima kwanza na kurudia mbovu baadaye, kisha atakushauri kuweka diski mpya. Atakuandikia alichopokea na alichofanya. Mlipe vizuri.

Na kama laptopu yako iko kwa fundi sasa hivi unaposoma hapa, na hukumwambia lolote kuhusu mafaili, mpigie simu. Mwambie asifomati, aizime, na diski isiguswe mpaka ufike. Kama ameshafomati, mwambie asiendelee kusakinisha chochote wala asikuwekee programu "za zawadi". Achomoe diski akupe. Kama alipiga Windows bila kufomati, kuna folda inaitwa Windows.old ndani ya diski C, na mafaili yako huenda bado yamo humo. Yanakili mara moja kwenye diski nyingine, maana Windows huweza kuifuta folda hiyo yenyewe baada ya siku chache.