Mbegu ya viazi: ununue au ubakize?

Kila mvua ya masika inapokaribia, wenye vishamba vya nyuma ya nyumba huko Molo na Njoro, Kenya, hubishana: mbegu iliyoidhinishwa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, au ile uliyobakiza mwenyewe?

Kwa bei, ya kubakiza inashinda bila ubishi. Iliyoidhinishwa, kama ya ADC Molo (shirika la serikali la maendeleo ya kilimo), huja kwa gunia la kilo 50, na mwenye matuta matatu hamalizi hata robo. Labda mgawane na majirani.

Kwa afya mambo hugeuka. Mnyauko wa bakteria na virusi hujificha ndani ya kiazi kinachoonekana kizima kabisa. Mmea ukinyauka mchana huku majani yangali kijani, kata shina, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, usichukue mbegu kutoka shamba hilo, wala usipande hapo nyanya, biringanya au pilipili.

Kubakiza nako kuna kazi. Mimea yenye nguvu iwekee vijiti inapotoa maua, ichimbe kando, chagua viazi vya ukubwa wa yai, kisha vitandaze penye mwanga hafifu vichipue machipukizi mafupi, manene. Aina ya kiazi iitwayo Shangi huchipua upesi mno, haingoji.

Udongo ukiwa safi na subira unayo, bakiza, ila nunua mpya baada ya misimu michache. Ukishaona mnyauko, kununua pekee hakutoshi: hamia kipande kingine. Na viazi vya kula vya sokoni? Hujui vilichimbwa wapi; vipike tu.