Kupanda mikoko mipya au kulinda iliyopo?

Vikundi vya pwani vinavyotaka kupunguza hewa ukaa hubishana sana juu ya hili.

Kwa gharama, kulinda ni nafuu: hakuna kitalu, ni doria na maelewano na wakata boriti. Ila wasipopata mbadala, watahamia msitu wa jirani. Ndiyo maana Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi, Kwale, nchini Kenya, unaolinda hekta 117, hupanda pia mivinje ya kuni na ya kujengea. Fedha wanazolipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na msitu zimewaletea wanakijiji maji na kusaidia shule.

Kwa uhakika pia, kulinda kunaongoza. Kaboni nyingi ya mikoko imo kwenye tope, na msitu ukikatwa huanza kutoka. Miche huchukua miaka mingi, na mingi hufa, hasa ikipandwa kwenye fungu la mchanga lisilowahi kuota mikoko.

Lakini palipokwisha kuwa uwanda mtupu, mtalinda nini? Hapo pandeni, mkianza kwa kufungua njia za maji. Pengine bamvua, yaani maji makuu ya bahari, italeta mbegu yenyewe. Wenye msitu uliosimama na watu wachache, waanze na doria.