Ujira na ari ya ndani katika kazi ya nakshi

Kijana anayejifunza kuchonga nakshi za milango hapa Lamu huweza kusukumwa na mojawapo ya mambo mawili: ujira aliouahidiwa, au raha anayoipata ubao wa mvule unapoanza kutoa ua chini ya patasi yake. Ujira hufanya kazi haraka, na kwa shughuli isiyopendeza, kama kupiga msasa kutwa, sioni kingine kitakachofaa. Ari ya ndani huchelewa kuota, lakini ndiyo humrudisha mtu kwenye ubao hata tajiri asipokuwapo.

Mambo huharibika viwili hivi vinapochanganywa ovyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake nchini Marekani waliwaahidi cheti baadhi ya watoto wa chekechea waliokuwa tayari wakipenda kuchora. Baadaye, walipoachwa wajichagulie mchezo, watoto hao walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao wasioahidiwa kitu, ilhali waliopewa cheti bila kutarajia hawakupoteza hamu. Kilichodhuru, basi, ni ile ahadi iliyotangulia, si cheti chenyewe. Mimi ningemlipa kijana haki yake bila kuchelewa (chakula hakingoji ari), kisha, ua likitoka safi, ningempa patasi mpya ambayo hakuitarajia.