Shahada ya pili Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani: uzoefu wangu

Lugha ndiyo itakayoamua kama utakifurahia chuo hiki au utavumilia tu hadi umalize. Programu za uzamili kwa Kiingereza zipo, nami nilisoma mojawapo, lakini mkataba wa chumba, barua za bima na umbea wote wa darasani ni Kijerumani. Kilichoniokoa ni kwamba Kiswahili kinafundishwa hapa, katika idara ya masomo ya Afrika, na wanaojifunza hutafuta watu wa kupiga nao soga. Nilikubaliana na mmoja wao: leo Kiswahili, kesho Kijerumani. Ilinifaa kuliko kozi niliyoilipia.

Ada ya masomo sikulipa, ila mchango wa kila muhula tu. Hata hivyo, anayekwambia Ujerumani ni bure hajaomba viza. Lazima uonyeshe zaidi ya euro 11,000 kwenye akaunti maalumu, na ukifika unaruhusiwa kutoa kiasi kidogo kila mwezi. Familia nyingi za kwetu hukwama hapo, hata mtoto akiwa na alama nzuri kiasi gani.

Chuo kilianzishwa mwaka 1409 na walimu na wanafunzi waliohama Prague, lakini usitegemee kuta za kale. Kanisa lake lilinusurika vita, kisha serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki ikalilipua Mei 1968. Sasa pamesimama Paulinum, jengo la kisasa lenye umbo la kanisa. Wenyeji wengine hawalitaki kabisa, mimi nalipenda. Enzi za wakomunisti chuo kiliitwa Chuo Kikuu cha Karl Marx, na Angela Merkel alisomea fizikia hapa. Kwa wanasaikolojia, hapa ndipo Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara yake ya saikolojia mwaka 1879. Na maktaba ya Albertina inahifadhi Papyrus Ebers, maandishi ya tiba ya Misri ya kale yenye miaka zaidi ya 3,500. Mimi sikuwa mtu wa historia, lakini hilo lilinisisimua.

Ufundishaji? Wahadhiri wanajua kazi yao, ila hakuna atakayekufuatilia. Somo zima laweza kupimwa kwa mtihani mmoja au insha moja mwisho wa muhula, hakuna alama za kuokoteza njiani.

Hosteli ya wanafunzi iombe siku ileile unayopata barua ya udahili. Vyumba vya mtaani vipo, kwa bei nyingine kabisa.